Mbu wa Uwanda wa Silango

Waliokuwapo katika chumba cha udhibiti asubuhi ile walikuwa watatu: Daktari Talaso Elema, mkuu wa kituo; Mhandisi Mwachofi, aliyeunda kinyamazishi; na Nekesa, mchambuzi wa mawimbi. Fundi Wario alikuwa ametoka alfajiri kwenda kukagua sahani za mbali za kunasia mawimbi ya angani.

Kinyamazishi kilikuwa kazini. Mashine hiyo ilinasa kila wimbi la redio lililotokea uwandani, ikalifuta na kuhifadhi nakala yake kando, ili sahani kubwa zilizoelekezwa mbinguni zisikie tu mnong'ono wa mawingu ya gesi, kule nyota zinakozaliwa. Siku hiyo nyota moja changa ilikuwa imeanza kumeza gesi kwa pupa, tukio ambalo Talaso alilisubiri tangu ujana wake.

Kulikuwa na kelele ndogo iliyojirudia tangu mapema. Kelele za aina hiyo waliziita mbu.

"Mbu wa leo ana kiburi," alisema Mwachofi, wakacheka.

Desturi yao ilikuwa kusikiliza takataka za mashine, yaani nakala za kelele zilizofutwa, wakati wa chai. Mwachofi alitaka waache kwa siku moja, maana nyota haingoji chai ya mtu. Nekesa alifungulia spika.

Ilikuwa sauti ya Wario. Gari limepinduka, mguu umebanwa, naomba mtu. Alirudia maneno hayohayo, kila mara kwa pumzi fupi zaidi, kisha akanyamaza.

Kumtafuta kulihitaji ndege isiyo na rubani, nayo ingetapakaza mawimbi yake uwanda mzima. Nyota ingezama katika kelele. Mwachofi, jasho likimtoka, alipendekeza gari lisilo na redio. Talaso alimuuliza litafute upande upi, na sahani zimetawanyika mwendo wa siku nzima.

"Daktari," Nekesa alisema polepole, "na yule mbu wa kabla ya mvua? Yule hatukumsikiliza. Tulikuwa na wageni."

Talaso alikumbuka. Wakati ule familia moja ya wafugaji ilipotea uwandani na redio yao ya mkononi, ikapatikana wote wakiwa wameshakufa.

Alitazama mara moja tu mstari wa mawimbi ya nyota ukipanda kwenye kioo cha kompyuta. Akazima kinyamazishi kwa mkono wake, akarusha ndege, kisha akafungua mawasiliano na vituo vya nchi nyingine vilivyokuwa vikimtegemea katika kuichunguza nyota hiyo. Wenzake wawili walisimama nyuma yake.

"Hapa Silango. Tunajitoa. Tuna mtu wetu uwandani, na hatujui kama angali hai. Mashine yetu haitawashwa tena mpaka tumalize kusikiliza kila tulichokifuta."