Mfuko wa Ndani

Kila akitoka shule, Sindano alipitia kwenye kibanda cha shangazi yake, fundi cherehani. Jina hilo alibandikwa kwa wembamba wake. Kazi yake ilikuwa kushona vifungo.

Alasiri hiyo shangazi alikuwa ametoka kununua nyuzi. Kijana wa jirani, fundi wa kupaka rangi, akaingia na koti. Siku zote humtania Sindano kwanza. Leo hakutania.

"Nitilie mfuko kwa ndani. Kitambaa kigumu."

"Wa kuwekea nini, kaka?"

"Wewe shona. Nitalipitia koti kabla ya magharibi. Na shangazi yako asijue."

Alipoinama kumwonyesha mahali, shati likapanda. Sindano akaona kitako cha bastola kiunoni. Kijana akamwachia koti, akatoka. Wiki iliyopita mdogo wake kijana huyo alipigwa risasi ya mguu na vijana wa mtaa wa pili. Tangu hapo maduka yalifungwa mapema, na watoto hawakucheza nje.

Shangazi aliporudi, alimkuta ameduwaa, koti mapajani.

"Mbona umenywea, mwanangu?"

Sindano akasitasita, kisha akasema yote.

Shangazi hakupiga kelele. Alimwita mama wa kijana, pamoja na fundi baiskeli, kiongozi wa kikundi cha amani cha mtaa. Wakaketi kibandani wakimsubiri. Nje mtaa ulikuwa mtupu.

Kijana aliingia, akawaona, akasimama mlangoni. Mkono wake ukaenda kiunoni.

"Keti, mdogo wangu," alisema fundi baiskeli taratibu. "Jana tulikaa na wazazi wa mtaa wa pili. Aliyempiga mdogo wako wamempeleka polisi wenyewe. Ukienda leo, utamuua nani?"

"Mwanangu," mama yake alisema, "mmoja yuko hospitali. Usinifanye nimzike wa pili."

 Mwishowe kijana akaiweka bastola juu ya meza ya kukatia vitambaa, akajifunika uso kwa mikono. Fundi baiskeli akampigia simu mkuu wa kituo cha polisi, ambaye kikundi kilizoea kushirikiana naye, aje kuichukua.

Walipoondoka, Sindano alilikunja lile koti.

"Shangazi, nimemsaliti?"

"Umemwokoa, yeye na mwingine tusiyemjua. Siri inayoweza kuua haitunzwi. Ukiona silaha, usiiguse, wala usinyamaze. Mwambie mtu mzima unayemwamini, siku hiyo hiyo."