Mwenye Maji wa Ain Sukkar

Asubuhi hiyo maji ya bomba yalikuwa matamu. Nazha alibaki na kikombe mdomoni, maana hapa Beirut maji ya bomba ni chumvi tupu, mtu hupigia deki tu. Utamu ule aliuonja mara ya mwisho akiwa msichana, kabla wenye maghorofa hawajaifunika kwa zege chemchemi ya Ain Sukkar, iliyouzaa mtaa mzima pale ufukweni. Zamani kila bi harusi alipelekwa kwanza kumwamkia Mwenye Maji, jini wa kike, ndipo aruhusiwe kuteka. Sasa nyumba zote zilikuwa zimeuzwa. Ilibaki yake, na kibanda cha kahawa cha Munib kule chini.

Adhuhuri jikoni kukanuka udongo mbichi. Kisha sauti ya mwanamke ikapanda kutoka kwenye tundu la sinki, laini, yenye majonzi.

"Badriyya! Hind! Mbona hamji kuteka?"

Majirani wa zamani. Marehemu wote.

Alimkimbilia Munib.

"Usiitike, Umm Wajih," Munib alimnong'oneza, akimwita kwa jina la mwanawe kama kawaida, kahawa ikimmwagikia. "Hata akilitaja jina lako, usiitike!"

"Hajalitaja," Nazha alisema, akashangaa kuona hilo limemuuma.

Aliporudi nyumbani sauti ilikuwa haijanyamaza; ilitoka sinkini, ikaingia ukutani, ikapita chini ya vigae vya chumba walimozaliwa wanawe waliotawanyika ughaibuni, ikaita waliokufa na waliohama, mmoja mmoja, ikingoja baada ya kila jina, na katika kule kungoja Nazha alisikia mtu akipumua karibu kabisa na sikio lake, pumzi baridi kama ya kisimani.

Munib akamleta Shekhe Ratib. Shekhe akasoma, akamwaga chumvi tunduni.

"Toka katika nyumba hii!"

"Niende wapi?" sauti ikauliza. "Walioondoka ni wao."

Shekhe akaendelea kusoma. Mara bomba likakoroma, likakauka. Nyayo za maji, za miguu mitupu, zikajichora zenyewe sakafuni, zikatoka mlangoni.

"Alhamdulillahi, ametoka," shekhe alisema, akipangusa jasho. "Sasa utapumzika, mama."

Wakaenda zao. Nyumba ikawa kimya, kimya kisicho na wa kuita wala wa kuitwa. Nazha alikaa, akasimama, akakaa tena. Kisha akashuka ngazi.

"Umm Wajih! Unakwenda wapi na jua hili?" Munib alipaza sauti kutoka kibandani.

Nyayo zilikuwa zimevuka barabara kuelekea baharini, na jua lilikuwa linazikausha. Ilimbidi akaze mwendo.