Chini ya Leso, Kibomet

"Inama kidogo, msichana. Vile uko mrefu, bwana atakujua kwa kimo."

Leso ya kwanza ikamwangukia Nasike kichwani, ikafuata ya pili, mpaka akawa haoni kitu ila vidole vya miguu yake. Walikuwa wasichana sita wamepangwa mstari sebuleni kwa mzee Kagwe, pale Kibomet, Kitale, wote wamefunikwa gubigubi. Mmoja wao alikuwa Mukami, binti wa nyumba hiyo. Kabiru, aliyekuja na wazee wake kuleta mahari, alitakiwa amtoe Mukami wake katika mstari huo bila kuona uso. Akikosea, faini ni mbuzi. Nao wasichana walikuwa na sheria moja tu: hakuna kufungua mdomo.

Sasa tuambiane ukweli, wenzangu. Nasike alifuata nini pale? Huyo Mukami aliyesimama kulia kwake alikuwa mpenzi wake. Miaka miwili, chumba kimoja kule Bungoma walikosomea chuo, sufuria moja, kitanda kimoja. Nyumbani Kibomet walimjua kama "yule rafiki ya Mukami wa Sirisia," ndiyo maana wakamwalika. Na juzi Mukami alikuwa amempigia simu akilia.

"Nasi, kuja bana. Ukiwa kando yangu nitapata nguvu. Baba akiniuliza kama apokee mahari, nitasema hapana. Nakuapia."

Ukipenda chongo utaita kengeza. Nasike akapanda gari asubuhi na mapema, akaja.

Lakini kule Bungoma alikuwa amemwacha mtu akimsubiri. Jotham ndiye aliyemwonyesha njia. Yeye na Nasike na wenzao watatu walikuwa wakikutana Jumamosi nyuma ya maktaba, wanasoma Katiba, wanawaandikia barua wanafunzi waliofukuzwa vyumbani kwa sababu ya wale wanaowapenda. Kanuni yao kubwa ilikuwa kwamba mtu hatobolewi siri yake, hata akiwa adui. Halafu wiki tatu zilizopita, meseji ambazo Jotham aliwaandikia wenzake kuhusu mpenzi wake wa kiume zikavuja. Landlord, mwenye nyumba aliyopanga, akaja na vijana, godoro likatupwa matopeni, na Jotham akavunjwa mkono. Alipiga ripoti polisi, lakini alihitaji shahidi, na Nasike alikuwa ameona kila kitu kutoka dirishani kwake.

"Ni mstari mmoja tu, Nasike," Jotham alimwomba. "Useme vile uliona."

Usiku huo Mukami alimshika mkono. "Ukiweka jina lako, kesho langu linafuata. Kama unanipenda, usiende."

Hakwenda. Tena Jotham alipomuuliza kama meseji zilitoka kwa simu yake, Nasike aliapa kwamba haziwezi kutoka kwake.

Basi, pale chini ya leso, akawasikia wanawake wawili wa upande wa Kabiru wamesimama mbele ya mstari, wanateta wakingoja bwana aitwe.

"Tata Nyaguthii, si kuna maneno ya Bungoma? Ati huyu Mukami anakaa na mmoja wa wale?" Huyo alikuwa Wahu, dada ya Kabiru.

"Hiyo iliisha kitambo," shangazi akajibu. "Kabiru alimuuliza, na msichana mwenyewe akachukua simu ya huyo rafiki yake, akamtumia meseji zote, na picha. Zake na za kijana mmoja, Jotham sijui nani. Akamwambia, mimi nakaa hapo tu, wenye mambo ni hawa."

"Woi! Na Kabiru akafanya nini?"

"Si akampelekea landlord wa huyo kijana. Wako kanisa moja. Kijana wetu hachezi!"

Wakacheka, wakasogea mlangoni.

Nasike akaelewa zile meseji zilitokea wapi. Alitaka kupiga kelele, na sheria ilikuwa kunyamaza. Ndipo mkono wa Mukami ukatambaa chini ya leso ukatafuta wake.

"Nasi," sauti ndogo ikasema. "Niliogopa."

Nasike akaurudisha mkono wake nyuma.

Vigelegele! Kabiru akaingia. Akapita mstari mara ya kwanza, mara ya pili, watu wanamtania, "Angalia mbuzi yako, kijana!" Akasimama mbele ya Nasike.

"Ni huyu! Anatetemeka. Si ni mwenye harusi hutetemeka?"

Akafunua leso. Nyumba ikalipuka kwa kicheko. "Mbuzi! Leta mbuzi!" Lakini Kabiru hakucheka. Uso ule aliujua kutoka kwa zile picha.

"Ni wewe?" akanong'ona. "Nani alikuita hapa?"

Hasira ilimpanda Nasike mpaka masikioni. Simu ilikuwa mfukoni mwake, na ndani ya simu, jumbe za sauti za mapenzi alizotumiwa na Mukami kwa miaka miwili. Angebonyeza mara moja tu, mzee Kagwe angesikia, Wahu angesikia, na mahari ingerudi ilikotoka saa hiyo hiyo. Haki ya Mungu, wengi wetu tungebonyeza. Akamkumbuka Jotham amechuchumaa kando ya godoro lake, watu wamemzunguka wakimcheka, na kidole kikakataa.

"Umekosea, shemeji," akasema kwa sauti. "Wako ni huyu wa kando."

Mukami akafunuliwa, macho mekundu. Wanawake wakasema ni furaha. Mzee Kagwe akasimama, akajikohoza.

"Mukami, watu wamekuja na vitu vyao. Mimi siwezi kushika bila neno lako. Nipokee?"

Mukami akamtazama Nasike. Nasike, pamoja na yote, jamani, bado alikuwa anangoja lile neno aliloahidiwa.

"Pokea, baba," Mukami akasema.

Nasike alikuwa ameshafika langoni na mkoba wake Mukami alipomkimbilia.

"Nasi, ngoja! Asante kwa kutonitoboa."

"Usinishukuru. Nani alikupa pasiwadi ya simu yangu?"

"Ni wewe."

"Kwa nini nilikupa?"

Mukami akaanza kulia. "Kwa sababu ulinipenda. Lakini ningefanya aje? Mama ana presha. Kabiru alikuwa ameshaanza kuuliza maswali. Wewe ni jasiri, mimi si kama wewe."

"Mimi jasiri? Wiki tatu nimemkimbia Jotham kwa ajili yako! Kuogopa si makosa, Mukami. Si ungeogopa na unyamaze? Yule kijana alikuja kwetu akila ugali na wewe. Alikukosea nini?"

Ndani waliita jina la Mukami, keki imeletwa. Akapangusa macho kwa pindo la leso, akarudi.

Kesho yake Nasike alimkuta Jotham kule Bungoma, kwa shangazi yake, karibu na reli, anamenya viazi kwa mkono mmoja.

"Nimekuja kukuambia kitu. Zile meseji zilitoka kwa simu yangu. Nilikuapia uongo bila kujua."

Jotham akaweka kisu chini. "Nani alizitoa?"

"Mtu niliyempa pasiwadi. Kosa la kumpa ni langu."

"Mukami."

Nasike akainamisha kichwa. Akamsimulia yote, leso, mbuzi, na vile hakubonyeza.

"Hapo umefanya vizuri," Jotham akasema polepole. "Ndiyo kanuni yetu. Lakini Nasike, huko Kibomet umemlinda mtu aliyekuuza. Na mimi je? Wiki tatu nakuomba mstari mmoja. Mimi nani atanilinda?"

Neno hilo lilimchoma Nasike kuliko yote ya jana. Akalia pale jikoni bila aibu, Jotham akimtazama tu. Akainuka, akanawa uso.

"Vaa viatu," akamwambia. "Twende."

Katika kituo cha polisi, afande alifungua faili, akapangusa kalamu kwa shati.

"Jina?"

"Nasike Wanjala."

"Wa Sirisia? Si wewe ni msichana wa mwalimu Wanjala?"

"Ndiye baba yangu."

"Na anajua uko hapa kwa kesi kama hii?" Afande akamwangalia Jotham, kisha akamrudia yeye. "Watu wataongea, msichana yangu. Watasema hata wewe ni wa hao."

"Wacha waseme. Baba nitampigia leo mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu."

Simu ikatetemeka juu ya meza. Meseji ya Mukami: "Nasi, tafadhali usiweke jina lako. Kabiru ataitwa, na yangu yatatoka. Mimi bado nakupenda."

Nasike akaisoma mara mbili. Hata yeye bado alimpenda, hilo ndilo lilimuuma. Akaigeuza simu kifudifudi. Jotham akamsogezea kiti kwa ule mkono mzima.

"Andika, afande," Nasike akasema. "Nilikuwa dirishani, na niliona yote."