Mzigo wa Mgeni

Nguo za Nasra zilikataa kukauka. Kamba ilikuwa moja, uani kwa mama yake, Bi Saumu, pale Ujiji, na jua lilikuwa lile lile la Julai linalopasua midomo. Lakini shuka za mama yake zikianuliwa saa sita zimekauka kau, magauni ya Nasra yalikuwa bado yanachuruzika maji yenye shombo.

Baada ya nguo zikafuata nywele, kisha godoro. Mateso hayo yalipoingia mwezi wa pili, binti wa miaka kumi na tisa alikuwa amebaki mifupa na macho. Mchana kweupe, nyumba ikiwa imetulia, mtu asiyeonekana alisikika chumbani kwake akikamua nguo, akizikung'uta, akikamua tena, huku Nasra amelala chali anatabasamu.

Bi Saumu akaenda Bangwe kwa Bi Anifa, mganga aliyevuka ziwa kutoka Kongo miaka mingi nyuma. Alimkuta anachambua dagaa, na mganga hakuinua hata uso.

"Ni jini la ziwani. Linamnywa," Bi Anifa alisema. "Kulifukuza haiwezekani, mama. Ni kulihamisha tu. Chukua kitenge anachojifunga mtoto, kipige fundo, ukifiche ndani ya mzigo wa mtu. Atakayeutoa mzigo huo nje ya mlango wako, jini ni la kwake. Na huyo halitamchelewesha, maana litakuwa na hasira."

"Mtu gani?"

"Unaniuliza mimi? Mtu wa njia. Asiye na wa kumtafuta."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ya nne mgeni akaja. Aliitwa Yunisi, mwalimu kutoka Njombe, aliyekuwa akiizunguka nchi peke yake wakati wa likizo, begi mgongoni. Alitaka kuiona Ujiji kwa miguu yake na kujifunza kupika migebuka, samaki wa ziwa lile, kwa mawese. Alisimama mlangoni kuuliza njia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Uko na nani?"

"Niko mwenyewe tu."

"Mume? Wazazi?"

"Mume sina. Wazazi nimewazika wote."

"Pole, mwanangu," Bi Saumu akasema, na moyo wake, Mungu amsamehe, ukaruka kwa furaha. "Pita ndani. Hapa hulali gesti."

Siku tatu alimlisha kuliko alivyowahi kumlisha mtu. Wapo watakaomtetea kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi simtetei, kwa sababu alimpenda mgeni yule na bado akafanya. Yunisi alikaa na Nasra, akamsuka nywele zile mbichi bila kuuliza swali, akamfanya acheke na hata asimame atembee. Nasra mwenyewe hakuambiwa lolote. Siri ya namna ile humwambii mtoto.

Siku ya safari, baada ya adhuhuri, Yunisi akiwa bafuni, Bi Saumu alikishindilia kitenge chini kabisa ya begi, na juu yake akaweka kifurushi cha dagaa, zawadi ya njiani. Mgeni alipotoka wakaagana, wakakumbatiana. Kisha mama akajifungia chumbani, maana hakuwa na jicho la kumtazama akiondoka.

Aliketi sakafuni, viganja masikioni, na bado akasikia kule kukamua kukianza tena ukutani, safari hii kwa pupa, akasikia shombo ikipita chini ya mlango kuelekea ukumbini, begi likiburutwa, bodaboda ikinguruma nje, na katikati ya hayo yote sauti nyonge ya mwanawe, sauti aliyoifundisha mwenyewe kuamkia wakubwa na kupokea wageni, ikisema taratibu:

"Hapana, dada. Kwetu mgeni habebi mzigo. Lete."

Ufunguo ulimponyoka mara mbili. Alipofika ukumbini mlango wa mbele ulikuwa wazi, na Nasra alikuwa amesimama barabarani, begi kichwani, maji yanamtiririka kutoka shingoni hadi kwenye nyayo, anatabasamu.

"Mama, mwanao ana adabu," Yunisi alisema huku akilipokea begi. "Mbona limekuwa jepesi hivi?"

Nasra alifariki kabla ya alasiri, juu ya mkeka, mkavu kabisa, ngozi imekakamaa kama ya samaki ng'onda.

Habari zilimkuta Yunisi akiwa bado Mwandiga anangoja basi. Akarudi. Alishinda msibani siku zote tatu, akapika, akateka maji, na jioni alikiweka kichwa cha Bi Saumu mapajani mwake akimpapasa.

"Usilie, mama," alimnong'oneza. "Ulinipokea kama mwanao. Mimi sina mama, na wewe sasa huna binti. Siondoki tena."

Bi Saumu akalia mpaka sauti ikamkauka, na majirani waliokuwa jamvini wakaambiana kwamba hawajapata kuona mwenyeji aliyempenda mgeni wake kiasi kile.