Kuni za Wachuka

Wazazi wenzangu, sikieni yaliyotukia Rongai mwaka wa hamsini na moja.

Jumamosi moja mahindi ya mzungu mwenye shamba yalikuwa yamerefuka kupita vichwa vya watu. Gachanja, mwendesha ng'ombe wa kulima, aliketi mlangoni akila viazi alivyochomewa na mkewe, Wachuka. Walikuwa wakicheka. Jumatatu wangehamia Gilgil, alikopata kazi, wawe na jiko lao.

Kicheko hicho kilimchoma Rahab, mama yake Gachanja. Mjane huyu alimlea mwanawe peke yake, na hata alipooa, bado alimchagulia shati la kuvaa. Mwanamume mzima na ndevu zake.

"Akikupeleka Gilgil, mimi sifiki Krismasi," alimwambia mwanawe kando. "Chagua."

"Mama, huyo ni bibi yangu."

"Na mimi ni nani?"

Gachanja alirudi mlangoni kwenye viazi vyake. Angesema neno moja tu, msomaji wangu, Wachuka angeishi.

Alasiri, Wachuka alipoinama kukunja nguo zake za safari, Rahab alimtupia shingoni ukanda wa kubebea kuni, akavuta. Wachuka alikwaruza sakafu, akarusha mateke, akamwita mumewe mara mbili.

"Shika miguu," Rahab akamwambia Gachanja alipoingia.

Gachanja alikuwa akilia, lakini aliishika. Ilipigapiga mikononi mwake kwa muda mrefu, kisha ikalegea.

Rahab alikwenda kwa majirani kuchambua maharagwe, ili aonekane. Gachanja alipita katikati ya mahindi na maiti begani hadi timbo la mawe. Akafunga mzigo wa kuni kwa ule ukanda, akautupa chini pamoja na mkewe, ionekane aliteleza.

Waliomkuta Wachuka timboni walilia tu. Lakini Wangare, jirani aliyezoea kwenda naye kuni, aliutazama mzigo.

"Sisi wanawake hatufungi hivi," alisema. "Hili ni fundo la kufunga ng'ombe kwa nira."

Watu wote wakamgeukia Gachanja.

Kortini Nakuru, jaji alimwuliza kama alikuwa na mwenzake. Gachanja alimtazama mama yake kwanza. Rahab akainamisha macho.

"Nilikuwa peke yangu," akasema, akanyongwa peke yake.

Rahab alirudi Rongai. Hakuna aliyemsalimu tena, na alipokufa, majirani walijua siku ya nne kwa harufu.

FUNZO

Mzazi, ukishamwoza mwanao, mwachilie. Nawe mwanamume, mheshimu mama yako, lakini akikutuma dhambini, mkatalie. Kukataa kutamliza siku moja. Kutii kwa Gachanja kulichimba makaburi matatu.