Chumba cha Maboksi

Walikumbana kwenye mlango wa duka la jumla, saa ile watu wanasukumana kana kwamba bidhaa zinatolewa bure. Kosa lilikuwa la seremala: alibeba maboksi matupu yaliyompita kichwa, mbele haoni. Mshonaji akajikuta chini, gauni lake la njano limeshika vumbi, vifungo alivyotoka kununua vimetapakaa hadi barabarani.

"Samahani sana, dada."

"Unahama, kaka?"

"Natengeneza kabati."

"La maboksi?"

"Kwanza la maboksi. Nikishaliona, ndiyo naligeuza la mbao."

Mshonaji akacheka mpaka akasahau gauni. Yeye akitazama kitambaa tu, vazi zima linamjia kichwani hadi mkunjo wa pindo. Hukata bila kuchora. Wakaokota vifungo pamoja, na kufikia cha mwisho walishapeana namba.

Mapenzi yakakolea. Jioni mshonaji alipita karakana ya seremala, wakala karanga juu ya meza ya kazi, huku akimtania. "Fundi wangu wa makaratasi," alimwita, naye akaitika kama jina alilopewa na mama yake.

Kisha dada mkubwa wa mshonaji akajifungua, mji mwingine, naye akaenda kumsaidia. Siku chache baadaye akapiga simu.

"Umenikumbuka?"

"Mno. Hata kazi haiendi."

"Haya, fumba macho. Unanionaje?"

"Sikuoni. Giza tu."

"Acha utani, mpenzi."

"Si utani. Nikifumba macho ni giza. Kwani wewe unaona kitu?"

Mshonaji akakata simu. Mwanamke anayemwona mtu wake ukutani, kwenye sufuria, hata kwenye uso wa mtoto wa dada yake, leo anaambiwa yeye ni giza. Simu zilizofuata hakupokea. Kila alipofua nepi alimwona seremala waziwazi, amebetua mdomo kwa dharau, na kila siku dharau ile ilizidi. Akaamua: akirudi, atamwambia basi, yaishe.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja karakana, amevaa lile gauni la njano. Mlangoni akasimama. Katikati ya karakana kilisimama chumba kizima cha maboksi: cherehani ya maboksi dirishani, kiti chenye mgongo wa kimo chake hasa, rafu pale mkono wake unapofika bila kujinyoosha, na ndoano ya tepu ya kupimia upande wa kushoto, kwa kuwa yeye hutumia kushoto.

"Nilikuwa nakutafuta," seremala alisema, akitokea nyuma ya ukuta wa boksi. "Ulipokata simu nikaanza kuuliza watu. Kumbe mnaona kweli? Miaka yote nilijua ni maneno tu, mtu kusema ana picha kichwani."

"Hata mama yako humwoni?"

"Namjua fika. Simwoni."

Mshonaji akageuka kukitazama tena kile chumba. Mtu huyu ndani yake hana taa, na bado amemjengea chumba bila kukosea hata usawa wa kiwiko. Akamsogelea, akamtazama vizuri, na hapo akashtuka zaidi. Mdomo haukuwa na dharau yoyote. Hata kidoti, ambacho kule kwa dada yake alikiona shavu la kulia, kilikuwa shavu la kushoto. Yule aliyegombana naye siku zote zile alikuwa amemshona mwenyewe kichwani mwake.

"Mbona unanikodolea macho?" aliuliza, maana seremala hakupepesa.

"Kila ukiingia ni kama sijawahi kukuona. Ndivyo ilivyo kwangu."

"Na nikiondoka?"

"Umeondoka kweli." Akafuta gundi mikononi. "Kichwani sina pa kukuweka, mpenzi. Nyumbani ninapo. Nikuoe?"

Mshonaji alivuta kile kiti, akakaa kwa madaha kama mwenye nyumba. Kikabonyea, kikalala, naye kwa mara ya pili akajikuta chini na gauni la njano, anacheka machozi yakimtoka.

"Sawa," alisema. "Sasa kigeuze cha mbao."