Mkono wa Msusi Mbele ya Hakimu

Mtaani walimwita Bi Vidole, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Ukimwona akisuka tu, umeelewa. Mistari yake ilinyooka kama imepigwa rula. Mteja aliketi, akaanza kusimulia mambo ya mumewe, na kabla hajafika kwenye ugomvi wenyewe, kichwa kimekwisha.

"Ngoja, sijamaliza!" mteja angelalamika.

"Mimi nimemaliza," Bi Vidole angejibu. "Yaliyobaki kamwambie mwenyewe."

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kirefu, viti vitatu na benchi la kusubiria. Mumewe, fundi viatu, alikuwa na kibanda ubavuni mwa saluni. Wifi yake aliuza maji na soda mlangoni, na mdomo wake haukuwa na breki.

Asubuhi moja Bi Vidole alitoka kwenda kununua nyuzi za kusukia. Alifika barabarani, kwenye alama za pundamilia. Lori lilisimama. Dereva wake akampungia mkono avuke. Bi Vidole akavuka. Ghafla gari dogo likachomoka nyuma ya lori, likalipita kwa kasi, likamgonga. Aliangukia mkono wake wa kulia.

Mfupa wa kifundo cha mkono ulivunjika. Hospitali walimfunga plasta, na baadaye ikatolewa. Mfupa uliunga vizuri, lakini vidole viwili vya pembeni vilibaki na ganzi. Akisuka kidogo, uzi unamponyoka bila yeye kujua.

Hakumwambia mtu ila mumewe. Wateja wakisikia msusi hana vidole, si watahama? Kwa hiyo alisuka vichwa vichache, polepole, akisingizia kichwa kinauma.

Siku moja afisa wa kampuni ya bima ya lile gari dogo alifika saluni. Viatu vyake viling'aa mpaka fundi viatu akavitazama mara mbili.

"Pole sana, mama," alisema. "Dereva wetu anasema ulikurupuka barabarani. Hata hivyo, kampuni imeamua kukulipa gharama za hospitali. Mfupa umeshaunga, tunashukuru. Weka saini hapa, yaishe."

"Nikurupuke mimi? Nilivuka kwenye pundamilia!"

"Fikirieni. Nitarudi," afisa alisema, akaondoka.

Mumewe alishusha pumzi. "Mke wangu, tuchukue hicho kidogo. Tukikataa tutaishia mahakamani, na mahakamani wanapelekwa wezi."

Kwenye benchi alikuwepo mteja anayesubiri zamu yake. Alikuwa wakili katika ofisi ya msaada wa kisheria, pale wanapowasaidia bure watu wasio na uwezo.

"Samahani, nimesikia bila kukusudia," alisema. "Dada, usisaini kwanza. Ukisaini, umekubali kwamba hiyo ndiyo fidia yako yote. Mkono ukikusumbua mwakani, huna pa kudai tena."

"Na hiyo mahakama?" mume aliuliza.

"Shemeji, mahakamani hawaendi wezi peke yao. Hiyo ya wezi ni kesi ya jinai, mtu anaweza kufungwa. Hii yenu ni kesi ya madai. Mtu ameumizwa, anadai fidia. Basi."

"Kwa hiyo kila ajali inaishia kwa hakimu?" wifi alidakia kutoka mlangoni.

"Wala! Nyingi zinaishia mezani. Pande mbili zikikubaliana ni nani mwenye kosa, na aliyeumia ameumia kiasi gani, bima inalipa, watu wanaachana kwa amani. Inakwenda mahakamani wasipokubaliana. Nyinyi mmekwama kote kuwili. Wanasema kosa ni lako. Pia wanasema umepona." Wakili akamgeukia Bi Vidole. "Umepona?"

Bi Vidole alitazama mkono wake. Kioo kirefu kilimwonyesha watu wote wakimtazama.

"Sijapona," alisema. "Vidole viwili sivisikii."

Wifi yake aliziacha soda mlangoni, akaja kuushika mkono ule.

Wakili hakukimbilia mahakamani. Kwanza alimpeleka Bi Vidole kwa daktari bingwa. Daktari akakuta mishipa ya fahamu imeumia, jambo ambalo picha ya mfupa haionyeshi. Wakili akaiandikia kampuni, akaambatanisha ripoti ya daktari. Kampuni ikaongeza kidogo sana, ikashikilia kwamba kosa ni la Bi Vidole.

"Sasa tunafungua kesi," wakili alisema. "Tusingoje zaidi. Sheria inaweka muda wa kufungua madai. Muda ukipita, hata ukiwa na haki, mlango umefungwa. Lakini tunahitaji shahidi."

"Dereva wa lori!" mume aliruka kutoka kwenye kiti. Alifunga kibanda, akazunguka kwenye maegesho ya malori, akiuliza huyu na yule. Alirudi jioni amejaa vumbi na meno yote nje. "Nimempata! Anakumbuka kila kitu! Anasema alipiga honi mpaka basi!"

Siku ya kesi ilipofika, Bi Vidole hakuweza kunywa hata chai. Mahakama ilikuwa chumba cha kawaida tu, chenye madirisha makubwa na mabenchi ya mbao. Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Hakuna aliyefokewa wala kufungwa pingu.

Dereva wa lori aliapa, akaeleza. "Nilisimama kumpisha mama huyu. Alitembea, hakukimbia. Gari dogo likanipita hapo hapo kwenye pundamilia, mahali ambapo hairuhusiwi kupita."

Mume alimbana wifi mkono kwa furaha. "Niache, utanivunja na mimi!" wifi alinong'ona.

Kisha wakili wa bima akasimama. "Bi msusi, saluni yako haijafungwa. Bado unasuka, sivyo?"

"Nasuka kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani? Anayesuka anasuka."

Bi Vidole aliinua mkono wake wa kulia, akautazama. Hapo ndipo wifi aliposimama kwenye mabenchi, akavua kilemba.

"Mheshimiwa, kichwa changu hiki hapa! Asuke, mjionee!"

Chumba kizima kikacheka. "Kaa chini, mama," hakimu alisema, lakini midomo yake ilicheza. Akawauliza mawakili kama wana pingamizi. Hawakuwa nalo. Wakili wa bima alionekana hata kufurahi.

Wifi akaketishwa mbele. Wakili wa Bi Vidole akamwambia maneno machache tu: "Dada, usijifanye mgonjwa, usijifanye mzima. Suka unavyoweza."

Bi Vidole akagawa nywele. Maisha yake yote alikuwa amesuka ili watu waone ufundi wake. Leo watu wangeona nini?

Mstari wa kwanza ulitoka safi. Watu wakaguna kwa kusifu. Wakili wa bima akatabasamu, akafunga kalamu yake.

Mstari wa pili ulipofika katikati, ganzi ilipanda. Uzi ukaanguka. Bi Vidole hakujua. Vidole vyake viliendelea kusuka hewa tupu, na kila mtu alikuwa ameuona uzi sakafuni isipokuwa yeye.

"Wifi," mwenye kichwa alisema kwa upole, "uzi umedondoka."

Aliuokota, akajaribu tena. Ukadondoka tena. Machozi yakamlenga, lakini hakuacha. Akajaribu mara ya tatu.

"Inatosha, mama," hakimu alisema. "Mahakama imeona."

Hukumu ilisomwa wiki chache baadaye. Dereva wa gari dogo alikutwa na kosa. Madhara ya mkono yalithibitika. Bima ikaamriwa kulipa matibabu yaliyopita na yajayo, na kipato alichopoteza msusi kwa sababu ya mkono wake. Mume alimnyanyua mkewe juu juu pale koridoni hadi askari wa mlangoni akamwambia amshushe.

Sasa Bi Vidole anakwenda kwenye mazoezi ya mkono. Kidole kimoja kimeanza kusikia joto la chai. Saluni imepata wasichana wawili wa kujifunza, na wateja hawakuhama. Wengi walikuwa wamesikia habari za mahakamani, wakaja kumpa hongera, wakabaki kusukwa. Yeye huketi kwenye kiti kirefu, akielekeza kwa sauti inayofika hadi kibanda cha viatu:

"Vuta taratibu, mwanangu! Unasuka nywele, hung'oi muhogo!"